UZI: Kuchora ramani za vijiji vyetu kwa simu, Mtwara na Lindi. Tuanze na majina, nyumba zitafuata

Mwana_wa_Nanyumbu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Masika ya miaka mitatu iliyopita shemeji yangu alishikwa na uchungu saa nane usiku. Tukampigia dereva mmoja wa gari la kukodi pale Mangaka, tukamwambia aje Mbuyuni. Akaja Mbuyuni, lakini si yetu. Kwenye ramani ya simu yake ilikuwepo Mbuyuni moja tu, iko upande mwingine kabisa. Kwetu sisi palikuwa na kijani kitupu, hata mstari wa njia hakuna. Mpaka tunaelewana kwenye simu kwamba yuko kwingine, mvua imeshashika. Mtoto alizaliwa chini ya mwembe njiani, kwa mwanga wa tochi ya simu, mikononi mwa mama yangu mkubwa. Wote wazima, namshukuru Mungu, na mtoto siku hizi ana mbio huyo. Ila usiku ule haujanitoka.

Tangu hapo nikaanza kujifunza kuchora ramani. Kwa wasiojua: kuna ramani huru ya dunia inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza barabara, kisima, shule au jina, kisha kila mtu akaitumia bure. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa kujitolea walikaa kwenye kompyuta zao nchi mbalimbali wakachora Port-au-Prince kwa picha za setelaiti, na waokoaji wakaitumia. Hapa kwetu Ramani Huria walifanya kazi kubwa Dar es Salaam kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa wakachora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Mwaka huohuo Crowd2Map walianza kuchora vijijini, na ramani zao zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji kule Mara. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni nchini. Kusini ndiyo bado tumelala.

Mwaka jana tulianza vijana sita kata yetu. Tulipoanza tulidhani kazi ni kuweka nyumba. Tukahesabu bati, tukahesabu bati, tukachoka. Siku moja nikatoka na mzee mmoja wa kitongoji anionyeshe njia ya kwenda zahanati. Nimeshika simu, yeye ameshika fimbo. Tumefika kwenye korongo kavu, akasimama, akachomeka fimbo mchangani mpaka ikazama karibu shibiri. Akasema, "Hapa Agosti unapita na baiskeli. Januari hapa ng'ombe anakwenda na maji." Halafu akanigeuza, tukazunguka kulia kama dakika kumi na tano kwenye mikorosho, tukatokea kwenye mwamba mpana. "Januari watu wanapita hapa. Panaitwa Mwembe Mchungu." Nikatazama, hakuna mwembe. Ulikatwa zamani sana, kabla mimi sijazaliwa, lakini kila mtu pale akikuelekeza atakutajia Mwembe Mchungu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Setelaiti inaona bati na mstari wa njia. Haioni jina, na haijui njia ipi inapitika masika. Mambo hayo mawili yako kwenye vichwa vya wazee, akina mama na vijana wa bodaboda, na wazee wanaondoka nayo. Nyumba atachora hata mtu aliyekaa Ujerumani. Mwembe Mchungu hawezi.

Naomba tujadili: nani tayari anafanya hii kazi Lindi au Mtwara, mnatumia aplikesheni gani, na mnakutana na vikwazo gani?

---

FundiSimu_Masasi

Mkuu, nimesoma mwanzo mpaka mwisho. Pole na hongera kwa familia. Swali langu ni la kifundi. Vijana wengi hapa wana simu za bei ndogo, ujazo mdogo, betri zimechoka, na bando ni la shida. Inawezekana kweli?

---

Mwana_wa_Nanyumbu

Inawezekana, nitakueleza sisi tunavyofanya.

Kwanza GPS haili bando. Simu inapokea mawimbi moja kwa moja kutoka setelaiti zilizo kilomita kama 20,200 juu yetu, haihitaji mnara wa mtandao. Ila ukiwasha sehemu isiyo na mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa kujitambua, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Simama uwanjani, usianzie chini ya mti.

Kufuatilia njia tunatumia aplikesheni ya OsmAnd. Unapakua ramani ya Tanzania ukiwa mjini kwenye waifai, ukifika kijijini unawasha kurekodi, unaweka simu mfukoni, unatembea. Ukirudi una mstari wa njia uliyopita. Mstari huo mmoja wetu anaupandisha na kuuchora vizuri kwenye kompyuta. Duka, mashine ya kusaga, msikiti, zahanati, hizo unaziongeza kwa Organic Maps au Every Door ukiwa umesimama hapohapo, zinatumwa ukipata mtandao. StreetComplete ni nzuri kwa anayeanza, inakuuliza maswali tu: barabara hii ni ya lami au ya udongo, shule hii inaitwaje.

Taarifa ndefu, mfano kisima kina pampu ya aina gani na kimeharibika tangu lini, tunajaza kwenye fomu ya KoboToolbox. Nayo inafanya kazi bila mtandao.

Chini ya mikorosho iliyofunga, doa la mahali ulipo kwenye ramani linarukaruka. Uwanjani simu inakosea mita kama 5, lakini kwenye shamba lenye kivuli imewahi kunionyesha niko ng'ambo ya korongo. Dawa yake ni kusubiri, au kwenda mahali pa wazi palipo karibu na kusogeza alama kwa mkono.

Betri: punguza mwanga wa skrini, zima data, na pawa benki moja inatosha watu wawili kwa siku.

---

MchoraMistari

Nami nichangie kama mtu niliyeanzia upande wa pili. Nilipokuwa chuo Dar tulichora kusini yote tukiwa tumekaa darasani, hatujawahi hata kufika Mingoyo. Nilikuja Lindi kikazi ndipo nikaona makosa yetu kwa macho.

La kwanza ni makorongo ya mchanga. Kwenye picha yanang'aa meupe, yamenyooka, yana upana wa barabara. Tumeyachora kama barabara mengi tu. Mtu akifuata ramani ile anaingia mtoni.

La pili ni vibanda vya shambani. Watu wa huku msimu wa korosho wanahamia mashambani, kuna kibanda, kuna uwanja wa kuanikia, kuna paa. Sisi tukaona makazi, tukachora vitongoji visivyokuwepo. Wakati kitongoji chenyewe nyumba zake nyingi ni za nyasi zilizo chini ya miembe, tukakiruka.

Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha uzi kwa moyo wote. Kazi ya mbali ina faida yake, inakupa mifupa. Lakini bila mtu wa pale kutembea, mifupa mingine ni ya mnyama mwingine.

Angalizo moja: msinakili majina kutoka Google Maps. Hairuhusiwi, leseni hazilingani, na mkibainika kazi yenu yote inaweza kufutwa. Ulizeni watu, au someni bango lililo barabarani.

---

BiMkubwa_Newala

Salaam wanangu. Sikuzoea kuandika humu, lakini hili limenigusa.

Sisi wa uwanda wa juu hapa Newala na Tandahimba tabu yetu ya siku nyingi ni maji. Mvua ikinyesha tunakinga, nyumba nyingi zina kisima cha kuhifadhia maji ya bati kilichochimbwa uani. Bomba la mradi wa Makonde likitoka, tunashukuru. Visipokuwepo vyote, mama anashuka bondeni na ndoo, na kupanda ule mteremko na ndoo kichwani mnaujua wenyewe.

Walikuja vijana na simu zao hapa kwetu, watoto wazuri, wana adabu. Wakaenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akawapa wajumbe wawili, wote wanaume. Wakaorodhesha visima saba. Nikawaita barazani nikawauliza, mmeandika kipi kinatoa maji Septemba? Wakatazamana. Kati ya vile saba, vinne Septemba ni matope. Kimoja kina maji lakini ni ya chumvi, tunafulia tu. Hilo baba gani atakwambia? Hachoti yeye.

Basi siku ya pili walirudi, tukawapa akina mama watatu na binti yangu mmoja. Visima vikawa kumi na kimoja, na kila kimoja na mwezi wake wa kukauka. Ninachoomba, mkienda kijijini waulizeni wanaochota.

---

Mwana_wa_Nanyumbu

Shikamoo mama. Hili nalichukua kama lilivyo. Fomu yetu ilikuwa na swali "kisima kinafanya kazi, ndiyo au hapana". Usiku huu naibadilisha, naweka mwezi wa kukauka na matumizi ya maji. Kwenye OpenStreetMap yenyewe kuna pa kuandika kwamba chanzo ni cha msimu na kama maji yanafaa kunywa. Tulikuwa tunaziruka sehemu hizo.

---

Mjomba_wa_Rondo

Mimi nitasema ambalo wengi wanaogopa kusema. Mnafurahia ramani, lakini ardhi ikishaonekana, inatamaniwa. Huku kwetu tumeona watu wanakuja na magari, wana makaratasi, wanajua mpaka chemchemi iko wapi kabla hawajasalimia mtu. Nani aliwaonyesha?

Halafu kuna sehemu ambazo si za kila jicho. Mahali pa jando, mahali pa unyago, makaburi ya wazee, miti ya matambiko. Kijana wa mjini anapita, anaona mti mkubwa na kitambaa, anabonyeza simu: "kivutio cha utalii". Kwetu wajomba ndio wenye neno juu ya mahali kama pale, na hakuna mjomba aliyeulizwa.

Sipingi zahanati kuwekwa. Napinga kufungua kila mlango.

---

MtendajiMstaafu

Mjomba, hoja yako ni nzito, na mimi niliyekaa ofisi za vijiji miaka mingi naijua. Niitenganishe mara mbili.

Kuhusu ardhi: mpaka wa kijiji na wa shamba unatambuliwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999. Mgawo wa ardhi unapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Mstari aliouchora kijana kwa simu hauna nguvu yoyote mbele ya baraza la ardhi. Ndiyo maana nawashauri vijana: mipaka ya mashamba msiiguse kabisa, wala mipaka ya vijiji. Nimeona vijiji viwili jirani vikinuniana kwa sababu ya karatasi iliyochorwa na mgeni kwa nia njema. Wekeni huduma, njia na majina, basi.

Kuhusu mahali pa siri: hilo haliombewi radhi baadaye, linaulizwa kwanza. Utaratibu mzuri ni barua ya utambulisho kutoka halmashauri ya wilaya, kuripoti kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, kisha kueleza kazi kwenye mkutano wa kijiji mbele ya watu. Mkutano unapanga nini kiwekwe na nini kiachwe. Ikiandikwa kwenye muhtasari, kijana ana kinga, na wazee wana amani.

Na kwa walio karibu na mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, barua hiyo msitembee bila kuwa nayo. Huko mtu asiyejulikana anayepiga picha njia na kuandika kwenye simu atahojiwa, na ni haki yao kumhoji. Droni msirushe bila kibali.

---

Mwana_wa_Nanyumbu

Mjomba, nakiri hapa tulikosea. Kijana mmoja kwenye timu yetu aliweka sehemu ya jando kama "msitu, eneo la kupumzika". Hakujua. Mzee mmoja aliposikia alikuja nyumbani kwangu, hakufoka, alikaa tu kimya muda mrefu kisha akasema, "Toa." Nilitoa siku ileile. Lakini jueni kwamba OpenStreetMap inaweka historia ya mabadiliko yote, kwa hiyo ukishaweka, hata ukifuta, alama inabaki kwa anayejua kutafuta. Ndiyo maana nasisitiza kuuliza kabla.

Pia majina ya watu na nyumba zao hatuweki. "Kwa mama fulani" tunaweka tu pale ambapo limeshakuwa jina la kitongoji kwa miaka mingi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, adabu inatosha.

---

BodaMingoyo

Waungwana, mimi ni bodaboda, nazunguka Mingoyo, Mtama mpaka Nyangao. Niwaambie, kila bodaboda ni ramani inayotembea. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, kila mtu alijua kwa sababu ilikuwa kwenye taarifa ya habari. Lakini karavati dogo la ndani likiondoka, nani anatangaza? Sisi tunaambiana kwenye kundi la WhatsApp kwa sauti: "Usipite pale kwa juu, pita kanisani." Baada ya siku mbili sauti imezama chini, anayekuja hajui.

Babu yangu alikuwa anasimulia kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952, watu walivyokatikiwa njia wakabaki kama kisiwani. Njia za kuzungukia alizozitaja nyingi nazijua kwa majina hayohayo. Nilikuwa sijafikiria kwamba naweza kuziandika mahali. Nifundisheni, niko tayari.

---

MchoraMistari

BodaMingoyo, nikutumie ujumbe ndani, mimi niko Lindi mjini, tunaweza kukaa jioni moja. Wewe ukirekodi safari zako za kawaida za wiki moja tu utakuwa umetupa zaidi ya ninachochora mimi kwa mwezi.

---

FundiSimu_Masasi

Swali lingine. Si serikali ilishafanya anwani za makazi 2022 kabla ya sensa? Vibao vya barabara viko, namba za nyumba ziko, na kuna NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani hizo. Kwa nini turudie?

---

MtendajiMstaafu

Haturudii. Ile ni kazi ya serikali, inampa kila mtu anwani rasmi, na ni jambo jema sana. Lakini kibao kikisema "Barabara ya Uhuru" hakikwambii kwamba masika haipitiki, wala hakikwambii kwamba wenyeji wanaiita jina jingine kabisa. Dereva anayekuja usiku anamuuliza mtu, na mtu anajibu jina la wenyeji. Tumieni vyote viwili. Mkiona jina la kibao na jina la watu ni tofauti, andikeni la kibao kama jina kuu na la watu kama jina la pili. Nafasi ya jina la pili ipo.

---

Kijana_wa_Ruangwa

Mimi naomba kuuliza jambo linaloniumiza. Tulijitolea kuchora kata mbili kwa ajili ya shirika moja. Tulitembea wiki tatu kwa miguu, bando letu, chakula chetu. Walichukua picha zetu, wakapiga semina mjini, kijiji hakijapewa hata karatasi moja ya ramani. Mwenyekiti akiniona ananiuliza, "Ile ramani iko wapi?" Sina jibu. Kujitolea nakupenda, lakini naona aibu kupita pale.

---

Mwana_wa_Nanyumbu

Mdogo wangu, pole sana. Aibu hiyo si yako, lakini wewe ndiye unayekutana na mwenyekiti kisimani.

Uzuri ni kwamba kama kazi iliingia OpenStreetMap, ramani haijapotea. Ni yako na ya kijiji kama ilivyo ya lile shirika. Fungua tovuti, tafuta kijiji, chapisha. Sisi tulichapisha karatasi kubwa stationari pale Mangaka, tukaibandika ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji na nakala moja zahanati. Ilipobandikwa, siku ya kwanza walisimama watu kumi hivi, na kazi ya kweli ikaanza hapo: "Hapa mmekosea," "Hii si Majengo, Majengo ni ng'ambo," "Daraja hili lilikwishaondoka." Mama mmoja hajui kusoma, akawa anafuata njia kwa kidole kutoka shuleni mpaka alipofika kwake, akagonga karatasi mara mbili. "Hapa nalala mimi." Tukaacha kalamu nyekundu imefungwa kwa uzi kwenye ubao. Kila Ijumaa tunapiga picha masahihisho, tunaingiza.

Nitumie jina la kata zako kwa ujumbe wa ndani, nikusaidie kuchapisha. Gharama tutachangishana hapa.

---

Kijana_wa_Ruangwa

Asante kaka. Nimeshatuma.

---

BiMkubwa_Newala

Mimi nachangia elfu tano ya karatasi ya Ruangwa. Mnipe namba.

Na jambo moja la majina. Angalieni ritifaa. Ng'apa ya Lindi nimeiona imeandikwa Ngapa. Ni sauti mbili tofauti, na huku kwetu majina yenye ng' ni mengi. Mtoto wa kwetu akisoma hivyo atadhani bibi yake alikuwa hajui kutamka.

---

Mwana_wa_Nanyumbu

Mama, nimefungua orodha yetu sasa hivi. Majina manne tumeyaandika bila ritifaa, yote kosa langu, nilikuwa nanakili haraka. Nimeshasahihisha matatu. La nne wazee wawili wananitajia tofauti, kesho asubuhi naenda kumsikiliza mzee wa tatu.

---

Mjomba_wa_Rondo

Nimesoma yote. Mkutano wetu wa kijiji ni mwezi ujao. Mtendaji mstaafu, nitumie mfano wa ile barua, na useme kabisa ndani yake kwamba orodha ya mahali pa kuachwa itatoka kwa wajomba.

---

MtendajiMstaafu

Naiandika usiku huu.